Fedha ya Kuhesabu Ndege

Kuna maneno ambayo mtu huyasema akidhani amelimaliza shauri, kumbe hata hajalianza. Miongoni mwayo ni haya: "Fedha ya ndege! Watu hawana maji ya kunywa, na wenzetu wanatoa fedha ya kuhesabu ndege!" Utayasikia barazani Lamu baada ya sala ya alasiri, utayasikia gatini Mokowe watu wakingoja boti, na yamkini wewe msomaji umepata kuyasema, ukaungwa mkono kwa kicheko. Nimeandika insha hii ili kuyapinga. Nawe ukiweza kunipinga, nipinge. Lakini sharti unisikilize kwanza, kwa kuwa kicheko si hoja, na jambo hili lina vyumba vingi kuliko mlango wake unavyoonyesha.

Tuanze na fedha yenyewe. Huko Uingereza kipo chama kiitwacho African Bird Club, kilichoundwa mwaka 1994, ambacho hutumia michango ya wanachama na wahisani kuwasaidia watu wanaochunguza na kuhifadhi ndege wa Afrika. Upo wakfu wa Rufford, wa huko huko Uingereza, ambao huwapa wachunguzi chipukizi fedha ya kuanzia kazi. Upo pia mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ulioanza mwaka 1992 chini ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, nao huvipa vikundi vya wananchi kiasi kikubwa zaidi. Kwa hao wawili wa kwanza, mwombaji akifaulu hupata pauni elfu chache, basi. Fedha hiyo haijengi hospitali wala haileti bomba la maji kisiwani. Hununua petroli ya mashine ya boti kwa msimu mmoja, darubini mbili, madaftari, ujira wa nahodha na wa vijana wawili, na chakula cha siku watakazolala mchangani.

Jibu la kwanza kwa mwenye kucheka ni jepesi, na watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa. Mtu akiweka shamba lake la minazi kuwa wakfu wa mafuta ya taa za msikiti, je, wasimamizi waweza kuziuza nazi zake wakanunulia nyavu? Nia ya mweka wakfu hufuatwa. Mtu aliyetoa pauni kumi kwa ajili ya ndege hakuzitoa kwa ajili ya kisima. Tukizikataa hazitageuka maji, bali zitakwenda kwa ndege wa nchi nyingine. Kisima tunakidai kwa serikali ya kaunti na ya taifa, zinazotutoza kodi, na tukidai kwa sauti kubwa. Lakini nakiri kuwa jibu hili ni la wakili: laziba mdomo, haliridhishi moyo. Yanipasa nionyeshe kwamba kuhesabu ndege kwamfaa mtu wa Kiunga mwenyewe.

Tazama ramani. Kaskazini ya Pate na Ndau, kuanzia upande wa Kiwayu hadi karibu na mpaka wa Somalia, pwani yetu imepangwa mlolongo wa vijisiwa vya mawe ya matumbawe vipatavyo hamsini. Vingine ni vya kutosha kijiji, vingine havizidi uwanja wa mpira, na vingine ni mwamba mtupu uliochongwa chini na mawimbi ukawa mfano wa uyoga. Sehemu hiyo ndiyo Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na mwaka uliofuata ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi zake za biosfia. Majira ya kusi, bahari ya nje inapochafuka na wavuvi wengi wakabaki ndani ya mkondo, ndege wa baharini huja kutaga juu ya vijisiwa hivyo. Huja buabua wa aina mbalimbali, na miongoni mwao ni yule ambaye kifua chake huingia wekundu hafifu wa waridi wakati wa kutaga. Huja na shakwe wa rangi ya masizi, ambaye jamaa zake wengi wako Bahari ya Shamu, Uarabuni na Somalia. Kitabu cha maeneo muhimu kwa ndege wa Kenya, kilichotolewa mwaka 1999, kilitaja maeneo 60 nchi nzima. Kiunga ni moja, kijisiwa cha Tenewi kilicho kusini ya Lamu ni jingine, na misitu ya Boni na Dodori ni la tatu.

Yuko pia ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene kama koleo. Huyu hatagi kwetu. Hutaga ndani ya mashimo ya mchanga huko Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, na akiisha kulea huja kukaa katika mafungu yetu ya mchanga na matope. Safari yake ni ile ile ya majahazi ya Maskati, na sijui kwa nini watu wanaojivunia majahazi wasijivunie na ndege huyu.

Sasa fikiri jinsi buabua anavyotaga. Hajengi kiota cha kusifiwa. Huweka yai moja au mawili juu ya mwamba au mchanga mtupu, akayafunika kwa mwili wake yasichomwe na jua. Mtu akishuka kijisiwani saa sita mchana kundi zima huruka. Na ndege wakiwa bado juu wanapiga kelele, mayai huiva kwa joto na shakwe hushuka kuyala. Hivyo aliyeokota mayai ishirini huenda ameharibu mengi zaidi ya hayo bila ya kujua. Mayai haya yameokotwa tangu zamani, na mimi simwiti mwokotaji mhalifu. Aliyelala siku tatu baharini bila ya kitoweo, akaona mayai, huokota. Lakini mvuvi huyo huyo huwatazama buabua anapotafuta samaki. Wakijikusanya na kupiga mbizi mahali pamoja, hapo chini pana dagaa waliofukuzwa na jodari. Ndege ni dira yake, naye amefanya dira kitoweo. Nani atamwonyesha hasara hiyo? Hawezi kumwonyesha mgeni aliyekuja kwa majuma mawili. Atamwonyesha mtoto wa Mkokoni au wa Kiunga aliyehesabu viota vya kijisiwa kimoja miaka kumi mfululizo, akaweza kuweka kidole juu ya karatasi na kusema: mwaka ule walikuwa wangapi, na mwaka huu wamebaki wangapi.

Faida hiyo peke yake ingetosha, lakini kuna kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2012 serikali ilizindua ujenzi wa bandari mpya ya Lamu katika ghuba ya Manda, na gati ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2021. Bandari ya meli kubwa yahitaji kina, na kina hupatikana kwa kuchimbua mchanga, matope na matumbawe, katika kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Wavuvi walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliona kwamba haki za wenyeji, pamoja na haki ya mazingira safi na haki ya utamaduni wao, zilikuwa zimevunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu ilikatiwa rufaa, nao wakangoja tena.

Siitaji habari hii ili kuitukana bandari wala kuisifu. Wako waliopata kazi humo, na wako waliopoteza mahali pa kutega. Nataka uone jambo moja tu. Penye shauri la namna hii huulizwa: kabla ya haya palikuwa na nini? Swali hilo halijibiwi kwa machozi. Hujibiwa kwa samaki wangapi, mikoko mingapi, ndege wangapi, mwaka gani, nani aliyehesabu na kwa njia gani. Kampuni kubwa huja na wataalamu wake walioajiriwa kwa miezi michache. Wataalamu hao wakiandika kwamba mahali fulani hapana kitu cha thamani, mwenyeji asiye na daftari atawajibu nini? Atasema, "Babu yangu aliwaona ndege hapa." Babu huaminiwa barazani, lakini mahakamani huulizwa tarehe.

Na kwa ushahidi wa namna hii ndege wana ubora wao. Samaki yuko chini ya maji, hesabu yake ni ya kukisia. Ndege yuko juu ya mwamba, mweupe mbele ya macho yako. Dagaa wakitoweka, buabua hukosa cha kulisha makinda, na makinda wakifa kila mtu mwenye macho ataona. Anayemhesabu buabua, basi, anaihesabu bahari kwa njia ya mzunguko.

Huenda ukasema kwamba kazi hiyo ni ya wenye shahada. Sikiliza habari ya Dakatcha, katika kaunti ya Kilifi. Huko yuko mnana wa Clarke, ndege asiyepatikana po pote duniani isipokuwa katika kaunti hiyo. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913, na kwa miaka mia moja hapana aliyeandika mahali anapotaga. Mwezi wa Machi 2013 viota vyake vikapatikana katika kinamasi cha msimu ndani ya misitu ya Dakatcha, na miongoni mwa waliovitafuta walikuwamo wanachama wa kikundi cha wenyeji wanaouhifadhi msitu ule, pamoja na wapenda ndege wa Nature Kenya, jumuiya iliyoanza Nairobi mwaka 1909 kwa jina jingine. Swali la karne nzima lilijibiwa kwa viatu na subira. Ama ukitaka mfano wa kudumu, uko Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ambako tangu mwaka 1969 watu wa kujitolea hukutana mwishoni mwa mwaka, usiku wa ukungu, wakawanasa ndege wahamao na kuwavisha pete nyepesi miguuni. Mamia ya maelfu ya ndege wamevishwa, na pete za Ngulia zimeokotwa hata Urusi na Uarabuni. Hapana aliyetajirika kwa kazi ile. Kila mwaka hurudi wakafanya lile lile walilofanya mwaka uliopita, na thamani yake yote iko katika huko kurudia.

Nikupe na mfano wa kinyume, wa fedha kidogo isiyotolewa kwa wakati wake. Kunguru wa Bara Hindi, yule mwenye shingo ya kijivu na kiburi cha mtoza ushuru, aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 kwa dhana kwamba atakula taka za mji. Mombasa alionekana mwaka 1947. Siku zile walikuwa wachache. Mtu mmoja mwenye daftari, bunduki na mshahara wa kawaida pengine angeweza kuwafuata mpaka wakaisha. Nani angetoa mshahara kwa kazi ya kipuuzi kama hiyo, ya kufukuzana na kunguru? Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza azma ya kuwaangamiza kunguru milioni moja kwa sumu. Wakati huo walikuwa wamekwisha kuenea pwani, wakila mayai na makinda ya ndege wengine na vifaranga vya kuku vya maskini. Piga hesabu mwenyewe ni mwaka gani kazi hiyo ilikuwa rahisi.

Lakini insha hii si ya kuwabusu mikono watoa ruzuku. Wengi wao wanapenda kitu kipya. Ukiandika kwamba utahesabu viota vya kijisiwa fulani kwa mara ya kwanza, watapendezwa. Ukirudi mwaka wa pili na wa sita ukaomba petroli ya kuhesabu viota vile vile, watakuuliza jipya liko wapi. Jipya haliko, na hiyo ndiyo maana ya kazi. Hesabu ya mwaka mmoja ni picha ya mtu asimamaye: haionyeshi kama anakwenda au anarudi. Afadhali mara mia kumpa kijana wa Kiunga fedha ya petroli miaka kumi kuliko kumpa mchunguzi mmoja mara kumi ya fedha hiyo kwa kusi moja, akaandika kitabu kizuri na asionekane tena.

Kisha ziko hati za maombi. Huandikwa kwa Kiingereza, kwa msamiati wa chuo kikuu, na hutaka barua za wadhamini wenye vyeo. Nahodha anayeujua kila mlango wa maji kati ya Kiwayu na Kiunga, anayejua kwa harufu kwamba kijisiwa kina ndege kabla hakijaonekana, hana mdhamini profesa. Basi mwenye kalamu huomba, mwenye maarifa huajiriwa kwa kutwa, na jina lake likitajwa hutajwa mwisho wa kitabu pamoja na mpishi. Kwa nini hati isiandikwe kwa Kiswahili? Wanaotoa fedha wanaweza kumlipa mfasiri kwa bei ya darubini moja.

Nasi tusijifanye malaika. Nimeona (nawe umeona) jinsi fedha iliyokuja kuhesabu ndege inavyogeuka kuhesabu vikombe vya chai. Hufanywa semina ya siku mbili hotelini, hugawanywa fulana zenye picha ya ndege, hupigwa picha ya watu waliovaa fulana, na picha ndiyo ripoti. Fulana za ndege zimekuwa nyingi kuliko ndege. Wako pia wabaya kuliko hao: wale wanaoandika hesabu wakiwa wamekaa chini ya mwembe. Hawaibi petroli tu, wanaua ushahidi wa miaka yote, maana siku ya shauri wakili wa upande wa pili akipata ukurasa mmoja wa uongo atalitupa daftari zima, na atakuwa na haki ya kulitupa.

Kuna sababu nyingine ya kazi hii kuwa mikononi mwa wenyeji, nayo ni chungu kidogo kuitaja. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu mwezi wa Septemba na Manda mwezi wa Oktoba. Mwaka 2014 watu wakauawa Mpeketoni, ikafuata amri ya kutotoka usiku, na uvuvi wa usiku ukakatazwa kwa miaka. Wageni wengi wakaacha kuja. Siwalaumu, kila mtu ana mama yake. Lakini uchunguzi unaomtegemea mgeni hukatika siku mgeni anapofunga sanduku lake, na mwaka ambao haukuhesabiwa haurudi. Mwenyeji alipata taabu kuliko mgeni katika miaka ile, ila hakuwa na pa kuhamia. Yeye ndiye aliyebaki na vijisiwa, na vijisiwa vikabaki naye.

Kwa hiyo, wewe uliyeko kidato cha pili au cha tatu, huko Faza, Lamu au Mpeketoni, nakuomba usingoje shahada. Chagueni, wewe na wenzako na mwalimu wenu, mahali pamoja mnapoweza kufika kila mwezi: fungu la mchanga ambako ndege hupumzika maji yakijaa, ukingo wa mikoko, au, kwa ruhusa ya Shirika la Wanyamapori na pamoja na nahodha mzoefu, kijisiwa kimoja cha Kiunga. Kijisiwani msishuke wakati wa kutaga. Hesabuni mkiwa botini, kwa mbali, ili msije mkaua mnachohesabu. Nendeni siku ile ile ya mwezi mwandamo, maana ndege wa pwani hufuata bamvua na maji mafu, na hesabu ya maji tofauti hailinganishiki. Andikeni saa, upepo, jina la aliyehesabu. Siku msipoona ndege hata mmoja, andikeni sufuri, wala msione haya. Sufuri ya kweli ni hesabu kama nyingine. Mkiisha kuwa na madaftari ya miaka miwili, hapo ombeni ruzuku, nanyi hamtakuwa waombaji wenye ahadi tu kama wengi walivyo. Mtakuwa mmekwisha kuanza, na mtataka petroli.

Mkipewa, semeni tangu barua ya kwanza kwamba asili ya madaftari haitasafiri. Nakala iende Makumbusho ya Taifa Nairobi, na nakala iende kwa aliyetoa fedha, kwani ana haki ya kujua alichonunua. Asili ikae Lamu. Katika Ngome, pale pale mbele ya soko, mna maktaba. Mtu wa Ndau mwenye shauri anaweza kushuka gatini asubuhi, akaenda akaliomba daftari, akalisoma kwa lugha yake, na akarudi kwao kwa boti ya jioni.